Jenereta ya Akiba katika Mfumo wa Umeme wa Jua: Namna Mvua, Mwinuko na Joto Vinavyoiathiri

Mtumiaji anayetegemea umeme wa jua hununua jenereta kwa ajili ya siku ambazo jua halitoshi. Mara nyingi siku hizo ndizo zenye mvua, unyevu na barabara za matope, na ndizo ambazo injini, mafuta yake na mahali ilipowekwa huwa katika hali mbaya kuliko siku nyingine za mwaka. Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza ni kwa nini jenereta iliyojaribiwa vizuri dukani hushindwa kazi mwezi Aprili, ni kipi mnunuzi anapaswa kukiuliza kabla ya kulipa, na ni kwa nini baadhi ya njia ambazo watu huzitumia kuikinga jenereta na mvua ni za hatari kwa maisha yao.

Maelezo haya yanawahusu wenye nyumba, shule, zahanati na wafanyabiashara wadogo ambao mifumo yao ina ukubwa wa kilowati 1 hadi 10, na ambao hutumia jenereta ya petroli au dizeli kuchaji betri kupitia inveta. Mfumo mdogo wa taa tatu na chaji ya simu hauhitaji jenereta, na muuzaji anayemshawishi mteja wa mfumo kama huo anunue jenereta anamwingiza katika gharama isiyo na sababu.

Mawingu huja lini

Paneli hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, zikiwa na joto la nyuzi 25. Namba iliyoandikwa nyuma ya paneli ni ya hali hiyo pekee. Chini ya wingu zito la masika, paneli hiyo hiyo hutoa takriban kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya kiasi kilichoandikwa. Joto nalo hupunguza uzalishaji: kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake, hivyo paneli iliyofikia nyuzi 60 juu ya bati la Dodoma mchana wa Oktoba hupungukiwa na zaidi ya asilimia 10. Hata hivyo hasara hiyo hufidiwa kwa kuongeza paneli kidogo, na haimlazimu mtu kununua jenereta. Wingu ndilo linaloleta haja ya jenereta.

Mikoa ya kaskazini, pwani ya kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria huwa na misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mikoa ya kati, magharibi na kusini, pamoja na nyanda za juu kusini, ina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Lakini si kila mahali wingu hufuata mvua. Jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Kilimanjaro hufunikwa na mawingu kati ya Juni na Agosti, wakati mvua ni haba, na Lushoto na Njombe huamka na ukungu ambao huchelewesha jua kwa saa kadhaa. Mnunuzi anayeambiwa kwamba Tanzania ina jua mwaka mzima ameambiwa wastani. Wastani huo ni wa kweli, ila haujazi betri katika wiki ya tatu ya Aprili.

Tunamshauri kila anayepanga kununua mfumo awaulize majirani wenye paneli swali moja tu: ni mwezi gani betri zao huisha kabla ya usiku wa manane? Jibu la jirani wa kijiji hicho hicho lina thamani kuliko ramani ya nchi nzima.

Siku kumi za mawingu kwa hesabu

Tuchukue nyumba yenye paneli za kilowati 1.5 na matumizi ya uniti 5 kwa siku, yaani friji ndogo, televisheni, taa na chaji za simu. Siku ya jua, paneli hizo huzalisha uniti 5 hadi 6. Siku ya wingu zito tuseme zinatoa robo, yaani takriban uniti 1.4. Pengo ni uniti 3.6. Betri za asidi zenye ujazo wa uniti 10, zikitumika hadi nusu tu kama inavyopaswa, zina akiba ya uniti 5. Akiba hiyo huziba pengo la siku ya kwanza lote na la siku ya pili kwa sehemu. Ifikapo jioni ya siku ya pili, betri zimefika mwisho wa kiwango salama.

Kuanzia hapo jenereta italazimika kuleta uniti 3.6 kila siku, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ndani ya chaja na betri, kiasi halisi ni karibu uniti 4.5. Jenereta ndogo ya petroli hutumia takriban nusu lita kwa kila uniti inapokuwa na mzigo wa kutosha, na zaidi ya hapo inapokuwa na mzigo mdogo. Kwa hiyo familia hii itahitaji kati ya lita 2 na 2.5 kwa siku, na mawingu yakidumu siku kumi itakuwa imetumia kama lita 20. Kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya lami hesabu hii ni ya fedha tu. Kwa zahanati iliyo ng'ambo ya mto usio na daraja imara ni hesabu ya kama mafuta yatafika au la, na ni lazima ifanywe mwezi mmoja kabla ya mvua. Zahanati ianze na friji ya chanjo peke yake, kwa kuwa chanjo nyingi huhitaji kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 wakati wote, kisha iongeze taa ya chumba cha kujifungulia. Televisheni ya chumba cha kusubiria haimo katika hesabu hiyo.

Namba ya kwenye lebo ni ya usawa wa bahari

Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa nyanda za juu hawaambiwi, na linawagharimu fedha nyingi. Nguvu ya injini ya jenereta hupimwa katika hali ya kiwango: joto la nyuzi 25 na kanieneo ya hewa inayokaribia ile ya pwani. Mtu anapopanda kutoka pwani, hewa huwa nyepesi. Mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ambayo injini huivuta ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na Dar es Salaam. Oksijeni ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua hupungua, na nguvu hupungua.

Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wengi wa injini ndogo za petroli ni kwamba injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Dodoma, penye takriban mita 1,100, hasara hiyo ni kama asilimia 13. Mbeya ni karibu asilimia 20. Njombe, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000, ni zaidi ya asilimia 20. Injini ya dizeli yenye turbo hupoteza nguvu kidogo kuliko hapo, kwa sababu turbo huisukumia hewa, lakini jenereta ndogo za nyumbani kwa kawaida hazina turbo.

Tuone matokeo yake. Mwalimu mkuu wa shule ya mkoani Mbeya ananunua jenereta ya petroli iliyoandikwa kilowati 5. Kwa kawaida namba kubwa iliyo kwenye lebo ni ya muda mfupi, na nguvu ya kufanya kazi mfululizo huwa pungufu kwa karibu asilimia 10. Hapa zinabaki kilowati 4.5. Ondoa asilimia 20 za mwinuko, zinabaki kilowati 3.6. Inveta ya shule ni ya volti 48, na fundi ameiacha chaja yake katika kiwango cha juu cha ampia 60. Chaja hiyo inapoanza kujaza betri zilizoisha huingiza karibu kilowati 3.4, na kwa sababu ya upotevu ndani yake huidai jenereta karibu kilowati 3.8. Taa za bweni na kompyuta ya ofisi bado hazijahesabiwa.

Jenereta inaelemewa. Mwendo wa injini unashuka, na mizunguko ya umeme, ambayo inapaswa kuwa hezi 50, inashuka pamoja nao. Inveta inaona umeme usiofaa na kujitenga. Mzigo ukiondoka, injini inapata nafuu na mwendo unapanda. Inveta inaona umeme mzuri na kujiunga tena. Injini inaelemewa tena. Mtumiaji husikia jenereta ikinguruma na kupoa kila baada ya dakika moja au mbili, betri hazijai, na fundi asiye na ujuzi husema inveta imeharibika. Inveta nzima hurudishwa dukani, na wakati mwingine hununuliwa nyingine ya bei kubwa zaidi, ambayo hufanya vile vile.

Dawa yake haigharimu kitu. Inveta nyingi zenye chaja huruhusu fundi kupunguza ampia za kuchajia au kuweka ukomo wa umeme unaovutwa kutoka kwenye jenereta. Katika mfano wetu, chaja ikishushwa hadi ampia 40 itavuta karibu kilowati 2.5, na zitabaki kama kilowati 1.1 kwa ajili ya taa na ofisi. Kuchaji kutachukua muda mrefu zaidi, lakini kutafanyika.

Mwinuko huleta pia kasoro ya pili. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani humimina petroli nyingi mno katika hewa nyepesi. Moshi huwa mweusi, plagi huota masizi, na mafuta hutumika zaidi. Watengenezaji kadhaa hutoa jeti ya kabureta kwa ajili ya maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi. Jeti hiyo huponya moshi na ulaji wa mafuta, ila hairudishi nguvu iliyopotea. Hakuna kifaa kidogo cha kuongeza hewa. Tena, jenereta iliyofungwa jeti ya mwinuko ikiuzwa mitumba na kushushwa pwani hupata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, hupata joto kupita kiasi na inaweza kuungua. Anayenunua jenereta iliyokwisha kutumika aulize ilikuwa inafanya kazi wapi.

Joto, na banda lisilopumua

Joto la hewa peke yake halina athari kubwa kama mwinuko. Kwa kila nyuzi 5 au 6 juu ya 25, injini hupoteza takriban asilimia 1. Machi ya Dar es Salaam, yenye nyuzi 32 au 33, haimnyimi mtu usingizi. Tatizo ni banda. Jenereta iliyofungiwa ndani ya kibanda cha tofali chenye mlango mmoja huvuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe, na kwa muda mfupi joto la kibanda huzidi nyuzi 40, kiwango ambacho sehemu ya jenereta inayozalisha umeme kwa kawaida haikuundwa kukivuka. Utando unaotenganisha nyaya za shaba huchakaa haraka: kwa kanuni ya mafundi, kila ongezeko la nyuzi 10 juu ya kiwango hupunguza umri wake kwa nusu. Betri za asidi nazo hupata hasara ya namna hiyo hiyo, umri wake ukipungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Sababu ya pili ya kutoziweka betri na jenereta katika chumba kimoja ni kwamba betri za asidi zinapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche.

Mvua ikinyesha, jenereta isiingizwe ndani

Tunaomba kila msomaji asome sehemu hii hata kama ataziacha nyingine zote.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mvua inapoanza, mwenye jenereta huona jambo la busara kuisogeza barazani, kuiingiza stoo, au kuiweka kwenye korido nyuma ya fremu ya duka huku mlango ukiwa wazi. Mlango ulio wazi hautoshi, dirisha halitoshi, na feni haitoshi. Nyumba zetu nyingi zina uwazi kati ya ukuta na bati, na vyumba hupakana juu ya dari. Gesi inayotoka stoo hufika chumba cha kulala cha watoto bila kupita mlangoni. Anayelala katika fremu ya jirani anaweza kufa kwa jenereta isiyo yake.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika msimu wa mvua watu wengi huzichukulia dalili hizo kuwa ni malaria, humeza dawa na kujilaza katika chumba kile kile. Wakiumwa kichwa watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja jenereta ikiwa inawaka, wote watoke nje mara moja kwenye hewa safi, jenereta izimwe na mtu aliye nje, na wapelekwe kituo cha afya na kueleza kwamba kulikuwa na moshi wa jenereta. Bila maelezo hayo mganga naye anaweza kuanza na kipimo cha malaria.

Hatari huongezeka kwa mifumo inayojiwasha yenyewe. Inveta nyingi za kisasa huweza kuiamuru jenereta iwake pindi betri zinaposhuka, na betri hushuka zaidi baada ya siku ya mawingu, saa 8 au saa 9 usiku, watu wakiwa usingizini. Mtu aliyeiacha jenereta barazani jioni kwa sababu ya manyunyu hatakuwa macho kuikumbuka. Mahali ambapo jenereta huhamishwahamishwa, tunashauri uwashaji wa kujiendesha usiunganishwe kabisa.

Mahali sahihi ni nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la nyumba, ya mwenyewe na ya jirani, bomba la moshi likielekezwa mbali na watu. Umbali huo ndio unaopendekezwa na mamlaka za afya za Marekani, na sisi tunauchukulia kuwa wa chini kabisa. Jenga jukwaa la zege lenye kimo cha sentimita 30 au zaidi kulingana na maji yanavyotuama katika eneo lako, uliezeke kwa bati lenye upenu mpana, na uache pande tatu wazi. Kama wizi unakutia hofu, weka nondo badala ya ukuta. Turubai au nailoni isifunikwe juu ya jenereta inayowaka, kwa kuwa huzuia hewa na huweza kushika moto kwenye bomba la moshi.

Banda likiwa mbali, waya huwa mrefu, na waya mrefu mwembamba hupunguza volti. Fundi apige hesabu ya unene wake kabla ya kununua, autumie waya uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, na afunge swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Mtu aliyesimama kwenye tope akishika jenereta iliyolowa hana kinga nyingine.

Unyevu, chumvi na vumbi

Jenereta ya akiba inakaa bila kazi kwa muda mrefu kuliko inavyofanya kazi, na unyevu huidhuru wakati huo. Nyaya za shaba zilizokaa miezi mitano katika hewa ya Tanga, Kilwa au Mtwara hunyonya unyevu, na upepo kutoka baharini huleta chumvi inayokula vituo vya nyaya, boliti na bomba la moshi. Fundi ana kifaa cha kupima kama utando wa nyaya bado unazuia umeme. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, jenereta ikaushwe kwanza, isiwashwe. Karibu na bahari tunashauri kipimo hicho kifanyike kila mwaka kabla ya masika.

Njombe na Makete zina shida tofauti. Asubuhi za Juni na Julai oili nzito kama SAE 40 huwa nzito zaidi, betri ya kuwashia huwa dhaifu kwa baridi, na injini huzunguka kwa shida. Kitabu cha mtengenezaji hueleza oili ya kufaa baridi, mara nyingi 10W-30 au 15W-40, na ndicho cha kufuatwa, si mazoea ya duka la vipuri.

Vumbi la Singida na Shinyanga halihitaji maelezo marefu: kichujio cha hewa kikaguliwe mara mbili zaidi ya kitabu kinavyosema.

Mafuta yanayongoja

Petroli iliyoachwa tangi huanza kuharibika baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na huacha utomvu unaoziba kabureta. Kabla ya kuiweka jenereta kwa msimu mrefu wa kiangazi, funga koki ya mafuta na uiache iwake hadi izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Dizeli hudumu zaidi, lakini adui yake ni maji. Tangi lililojaa nusu huvuta hewa yenye unyevu mchana na usiku. Unyevu huo huganda kuwa matone kwenye kuta za bati, hushuka chini ya dizeli, hula tangi na kulisha vijidudu vinavyoziba kichujio. Tangi la dizeli lijazwe, na maji yaliyotuama chini yake yafunguliwe kwa koki kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza katika msimu. Dumu la akiba lisiachwe nje bila kifuniko imara, wala lisiwekwe chumba cha kulala. Petroli ihifadhiwe kidogo, itumike, na inunuliwe upya. Lita 20 za mfano wetu zinatosha, pipa zima ni hatari isiyo na faida.

Iwashwe kila mwezi kwa dakika 20 hadi 30 ikiwa na mzigo halisi. Kuiwasha dakika tano bila mzigo, kama walinzi wengi wanavyoelekezwa, huacha unyevu na masizi ndani ya injini na kumpa mwenye nyumba imani isiyo na msingi.

Saa ya kuwasha

Wengi huwasha jenereta jioni, giza linapoingia. Tunashauri asubuhi. Betri zilizopungua alfajiri hupokea umeme kwa kasi, hivyo jenereta hufanya kazi ikiwa na mzigo mzuri na kila lita huzaa uniti nyingi. Betri za asidi zikifika karibu asilimia 80, kasi ya kupokea hushuka, na jenereta hubaki ikinguruma kwa kazi ndogo. Injini ya dizeli inayofanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa muda mrefu huacha dizeli isiyoungua kwenye bomba la moshi. Hapo ndipo pa kuizima na kuziachia paneli, hata za siku ya mawingu, zimalizie polepole. Betri za asidi zijazwe kabisa angalau mara moja kila wiki mbili, hata kama ni lazima kwa jenereta, vinginevyo hugeuka ngumu ndani na kupoteza ujazo wake.

Radi na mafuriko

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Fremu za paneli, inveta na jenereta viunganishwe kwenye mfumo mmoja wa waya wa ardhini, na vizuizi vya mshtuko wa radi viwekwe upande wa paneli na upande wa jenereta. Wakati wa ngurumo mtu asiunganishe wala kufungua waya wowote. Kama nyumba ina umeme wa TANESCO pia, swichi ya kubadilisha chanzo, ambayo mafundi huiita chenji ova, ni lazima. Bila hiyo umeme wa jenereta unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza waya uliokatwa na dhoruba.

Jenereta iliyofikiwa na maji ya mafuriko isijaribiwe hata mara moja. Maji yaliyo ndani ya silinda hayabanwi, na jaribio moja la kuwasha hupinda mkono wa pistoni. Oili na mafuta yamwagwe, nyaya zikaushwe na kupimwa na fundi kwanza.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi amwombe muuzaji aandike kwenye stakabadhi nguvu ya jenereta ya kufanya kazi mfululizo, si ile ya muda mfupi, na nguvu inayobaki katika mwinuko wa wilaya itakapofungwa. Lebo ikiwa imeandikwa kVA, aulize kilowati. Aombe pia kuandikiwa ampia ambazo chaja ya inveta imewekewa. Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na Mamlaka, na mteja ana haki ya kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Malalamiko kuhusu ufungaji usiofuata kanuni au fundi asiye na leseni yaletwe kwenye ofisi za Mamlaka. Yale ya ubora wa jenereta, paneli au inveta yenyewe hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania. Mlalamikaji aje na stakabadhi, picha ya lebo ya jenereta na ya inveta, na maelezo ya mahali ilipofungwa pamoja na mwezi tatizo lilipoanza.